Mkono wa Bi Luo Uliobaki Hewani

Harufu ya vitambaa vipya, ile ya rangi na dawa inayowasha pua, hunirudisha Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama yangu, mfanyabiashara wa Mombasa, alinunua majora ya vitambaa soko la Zhongda, nami nilimfuata likizo moja ndefu, nikiwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wanawake wa soko walicheza uwanjani wawili wawili, mwanamke kwa mwanamke, dansi waliyoiita jiteba: unashikwa mkono, unazungushwa, unarudi nyuma, unavutwa tena. Mwalimu wao alikuwa Bi Luo, huyo huyo aliyetuuzia vitambaa. Niliipenda dansi ile mpaka nikawa naicheza usingizini. Siku moja Bi Luo alinitoa mstarini mbele ya watu wote. Mama ndiye aliyenitafsiria, maana bei na matusi ndicho Kichina alichokijua: "Anasema hii ni dansi ya Wazungu. Miguu yetu sisi Waafrika ni ya kukanyagia ngoma. Anasema ukae." Mama aliyameza maneno hayo, kwa kuwa majora yetu yalikuwa bado dukani kwake. Mimi sikumeza. Nilikaa pale, nikamwangalia akicheza.

Aliyenipa silaha ni Mzee Kabeya, Mkongomani aliyetufungia mizigo mtaa wa Kangle, ambaye ujanani alipiga tarumbeta. Aliposikia, aliiweka kamba chini. "Wazungu wapi, mwanangu? Dansi hiyo imezaliwa na watu weusi wa Harlem, kule New York." Walichukua miguu ya charleston, dansi yao ya zamani, wakaichanganya na jazi, wakaiita lindi hopu. Wazungu wakaipenda, wakaiita jitabagi, na askari wa Kimarekani wakavuka nayo bahari hadi Shanghai, ambako jina likageuka jiteba. Moyo wa dansi hiyo, alisema, ni pale wawili wanapoachiana mikono, kila mmoja akacheza lake. Bi Luo hakuwahi kuachia mkono wa mtu. Tukafanya mazoezi katikati ya maboksi mpaka nikaiva.

Uwanjani palikuwa na desturi: wimbo wa mwisho, anayenyooshewa mkono hakatai, mwenye mkono awe nani. Asubuhi moja nilirudi, wimbo huo ulipoanza nikamnyooshea Bi Luo. Aliangalia huku na huku, kisha akaushika. Nilimzungusha vizuri, kwa adabu zote, halafu nikamwachia. Nikapiga charleston peke yangu, magoti yakipishana, na wanawake wakaanza kunipigia makofi. Yeye alisimama kama mlingoti, mkono hewani, hajui miguu aipeleke wapi. Raha niliyoisikia siwezi kuificha. Nilipotoka, mama aliniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. "Haya, twende tukatafute duka lingine."

Sasa nafundisha dansi hiyo Mombasa, na umri wangu unaukaribia ule wa Bi Luo wa siku zile. Pengine amenisahau kabisa. Mimi kila darasa jipya huanza na Harlem, kisha humtaja yeye na maneno yake, neno kwa neno. Wanafunzi huniuliza kama bado sijamsamehe. Huwaambia waachie mikono, tuanze.