Mama Mkwe kwenye Keria

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa ghala la mazao mjini Iringa, tumepanga chumba kimoja Kihesa. Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, siku ya tatu akasema anamtaka mama yake, aliyekaa milimani upande wa Kilolo. Lori la huko lilikuwa limeharibika. Nikachukua baiskeli.

Kwenda nilisukuma zaidi kuliko kupanda. Nililala kwa shemeji. Kwa desturi yetu Wahehe, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawazungumzi ovyo. Miaka miwili ya ndoa, nilikuwa namjua kwa mgongo tu. Asubuhi alitoka na kikapu cha unga wa ulezi. Baba mkwe akafunga gunia kwenye keria.

"Akikaa huko nyuma hamtaonana," alisema. "Nendeni."

Barabara ilikuwa imemwagwa changarawe mpya, haijashindiliwa. Kwenye mteremko wa kwanza tairi la mbele lilichezacheza. Nikashika breki, tukashuka polepole. Bondeni nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mbona ulikuwa unashika?"

"Nashika nini, Mama?"

"Hiyo breki."

Mteremko wa pili nikaiachia. Kokoto ziligonga madigadi, macho yakanitoka machozi kwa upepo, na huko nyuma mama mkwe alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Kwenye kona changarawe ilikuwa nene, gurudumu likazama, tukaanguka wote wawili.

Niliinuka kwa hofu. Alikuwa ameketi katikati ya barabara, anatoa kokoto kwenye kiganja. Nusu ya unga ilikuwa chini. Tukatazamana usoni. Hakuna kilichotokea.

"Usukani umepinda," akasema. "Unyooshe, twende."

Nikabana gurudumu kwa magoti, nikaunyoosha, tukaendelea. Miteremko iliyobaki sikugusa breki ila penye kona. Kabla ya daraja la Ruaha akaniambia nisimame. Akanawa mtoni, akajifunga kaniki yake upya, kisha akatembea nyuma yangu, mbali kidogo, mpaka Kihesa. Mke wangu alipouliza kuhusu kiganja, aliambiwa mama aliteleza mtoni.

Alikaa kwetu mwezi mzima bila kunisemesha. Akitaka kuni, alimwambia mke wangu, naye akaniambia mimi. Lori likatengenezwa, akarudi nalo.

Wakati wa mavuno ukaja ujumbe: maharage yapo, ila yasipakiwe kwenye lori, yatapasuka. Mkwe ayafuate mwenyewe.

"Tangu lini maharage yakapasuka?" mke wangu aliuliza.

Nilimwambia sijui, nikatoka kujaza upepo. Jumamosi nilikwenda. Mama mkwe alisema ana haja sokoni, akapanda juu ya gunia la maharage mpaka darajani, kisha akarudi kwa miguu na wanawake wenzake waliotoka sokoni. Tulifanya hivyo misimu mitatu. Wa nne magoti yalikuwa yanamsumbua, na maharage yakaja kwa lori.