Mchapaji Anayetaka Modemu Yenye Taa

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Mchapaji amesimama mbele ya kaunta ya fundi wa kompyuta, mkoba ameubana kwapani. Mbele yake kuna modemu mbili, vifaa vya kuunganisha kompyuta na mtandao kwa laini ya simu: moja ni kadi tupu ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, nyingine ni kisanduku chenye taa, cha kukaa nje.

"Mama, ya ndani kama hii unayo tayari, na ni nzima," fundi anamwambia. "Hii ya nje bei yake karibu mara mbili. Itakula meza, na inataka umeme wake."

"Hiyo ya ndani imenikosesha mwanangu," anajibu.

Mjane huyu huchapa barua na ripoti za watu chumbani kwake. Mwanawe wa pekee alipopata kazi ya ujenzi nchi ya mbali, aliahidi kumwandikia kwa kompyuta. Mama akanunua modemu ya ndani: rahisi, haionekani, haili nafasi.

Barua pepe ilikuja moja tu. Kijana si mtu wa kuandika; yeye hupiga simu, tena Jumapili. Na Jumapili ndiyo siku mama hana kazi. Basi asubuhi huunganisha mtandao atazame kama kuna neno, kisha hufunga dirisha la kompyuta akidhani amekata laini. Kumbe bado imeshikwa, na laini ni hiyo hiyo moja ya simu. Bili ilipopanda, aliwalaumu watu wa simu. Kutwa nzima alikaa akisubiri mlio, na upweke ukimla.

Mdogo wake ndiye aliyefumbua fumbo alipomtembelea juzi.

"Dada, umepata mchumba hukutuambia? Mwanao anasema kila Jumapili simu yako inatumika. Ameacha kupiga, hataki kukusumbua."

"Nilicheka naye," mchapaji anasimulia. "Alipoondoka nikalia. Mimi sina hata mtu wa kugombana naye."

Fundi anajitolea kumwonyesha namna ya kukata laini, bure.

"Nitasahau, baba. Nataka nione kwa macho: taa ikiwaka, nijue laini bado imeshikwa."

Pato lake la wiki mbili linabaki kwenye kaunta, naye anaondoka na kisanduku. Amekwisha kumwandikia mwanawe apige tena, ila hajajibiwa. Kesho hataunganisha mtandao kabisa. Atavuta kiti karibu na simu.

"Akipiga, nitamwambia ukweli," anasema. "Hakukuwa na mtu, mwanangu. Laini ilishikwa kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe."