Shangazi Malinda na Ulimi wa Rhonda

Shangazi Malinda ana kibanda cha mikate ya kusokota sokoni, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu Lancaster, Marekani. Sisi Waamishi, Wakristo wa desturi za kale tunaoongea Kijerumani nyumbani, hatuendeshi gari, kwa hiyo alimwajiri Rhonda, mtu wa nje ya dini yetu, atupeleke, yeye na sisi wasichana tunaomsaidia, na ashike mashine ya kadi. Rhonda ni mchapakazi na wateja wanampenda. Ila ule ulimi! Trei ikimponyoka, analitaja jina la Mungu na tusi juu yake. Shangazi huendelea kukanda unga, masikio yamemwiva.

Shangazi ni mjane, mikono mikubwa kama ya seremala, na hapendi kugombana. Neno zito hulibeba moyoni hata mwezi. Safari hii hakupata nafasi hiyo. Mdogo wangu Edna alimwaga maziwa mezani, akalitoa lile tusi la Rhonda, zima zima. Baba akaweka kijiko chini.

"Malinda amrekebishe yule mama au amwachishe kazi. La sivyo, wasichana wangu hawaendi tena."

Kwetu aliyekosa huendewa kwanza peke yake. Kesho yake, kabla ya kufungua, shangazi akampa Rhonda donge la unga wasokote pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko. Walinisahau, watu hunisahau.

"Rhonda, mwenzangu, nina neno."

"Unanifukuza."

"Nikikufukuza nitakuja na nini, farasi? Ni yale maneno yako. Sisi Mungu tunamwita tukisali. Wewe unamwita mkate ukiungua. Siku jiko likishika moto kweli, nitajuaje?"

Rhonda akacheka. "Mbona hukuniambia siku zote?"

"Niliogopa utaondoka."

"Haya, na mimi nina langu. Mkianza Kijerumani chenu halafu mkacheka, najua mnanisema."

Mikono ya shangazi ikasimama. "Ni Edna. Anasema viatu vyako."

"Viatu vyangu vimefanya nini?"

"Vinalia kama bata."

Rhonda akakanyaga sakafu kujaribu. Vikalia. Wakacheka mpaka unga ukawarukia.

"Basi," shangazi akasema, "ukiwepo, hatusemi Kijerumani."

"Na mimi nitajizuia. Lakini mdomo huu ni mzee, Malinda. Usinitegemee sana."

Jumamosi Baba akaja mwenyewe, akasimama kando ya kibanda bila kununua kitu. Mara trei ya moto ikamgusa Rhonda mkononi. Akafungua mdomo. Edna akafumba macho. Shangazi hakumtazama Baba hata kidogo, alimtazama Rhonda.

"Mu... Malinda!" Rhonda akapiga kelele. "Maji, mama, naungua!"

Shangazi alikuwa keshafika na ndoo. Baba akautazama ule mkono ukizama majini, akaanza kumwambia Edna jambo kwa Kijerumani.

"Kiingereza, Baba," Edna akasema. "Rhonda yupo."

Baba akakohoa. "Nilisema, wiki ijayo mkija, mama yenu awape ile dawa ya kuungua. Mmletee."