Kichwa cha Wat Sa Bua Daeng na Sare Nyeupe

Sheria ilikuwa moja, na ilikuwa fupi: anayepiga picha na kichwa cha sanamu ya Buddha akae chini. Asisimame, asiiname, asichuchumae. Akae, ili kichwa chake kiwe chini ya kile cha jiwe. Kwa kuwa kile cha jiwe kimelala juu ya matofali machache na hakipiti kiuno cha mtu aliyesimama, mtu mzima hana njia nyingine ila makalio yaguse ardhi.

Shangazi Niang aliishika sheria hiyo kwa miaka ishirini na mitatu. Jina lake kamili ni Samniang, lakini katika mji wetu hakuna anayemwita hivyo, na "Shangazi" ni la heshima, si la undugu. Alikuwa mlinzi wa magofu ya hekalu la Wat Sa Bua Daeng, nje kidogo ya mji wa Ayutthaya, na mimi ninafundisha maadili katika shule iliyo ng'ambo ya barabara. Nimemwona kazini karibu kila siku. Ninayoyaandika hapa niliyaona, na mengine aliniambia mwenyewe tukinywa kahawa ya barafu kwenye kibanda chake.

Alikuwa mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili wake. Kibandani aliweka vitambaa vya kujifunga kiunoni kwa ajili ya wageni wa kike waliokuja na kaptura, mikeka miwili, na filimbi. Filimbi hakuipuliza sana. Mgeni akisimama karibu na kile kichwa, yeye alimsogelea, akaunganisha viganja kumsalimu, kisha akaketi chini mwenyewe na kupapasa ardhi kando yake, kama mtu anayemkaribisha jirani barazani. Watu wa mataifa yote walielewa. Siku moja mzungu mmoja mnene alikaa vizuri sana, lakini kuinuka kukamshinda, tukamwinua watu wanne huku yeye mwenyewe akicheka hadi machozi.

Wala hakuwa na sheria ya wageni na sheria ya wenyeji. Binti yake alipohitimu chuo alikuja kupiga picha akiwa na joho la kukodi. Akaomba achuchumae tu ili joho la watu lisichafuke.

"Hujahitimu adabu bado," mama yake akamwambia. "Kaa."

Akakaa.

Mlinzi mwenzake, Wirat, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi, alimtania kila siku. "Dada Niang, ungeweza ungewaambia hata mbwa wa hekalu walale."

"Wameshalala," alijibu. "Wana adabu kuliko wewe."

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Shangazi Niang hakuwa na ajira ya kudumu. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka aliuandika upya. Aliye na mkataba wa namna hiyo akifika miaka sitini anaondoka kama alivyokuja. Aliye kwenye ajira ya kudumu hupata pensheni hadi kufa. Mwaka ninaousimulia zilipatikana nafasi tatu za kudumu kwa walinzi wa magofu ya eneo letu. Yeye alikuwa wa kwanza kwa miaka ya kazi. Mwaka wa mafuriko makubwa, maji yalipofika kiunoni, ni yeye aliyekizungushia kile kichwa magunia ya mchanga akakilinda siku tisa, akiletewa wali kwa mtumbwi. Jina lake lilikuwa juu ya orodha. Kilichobaki ilikuwa sahihi ya mkurugenzi mpya wa ofisi ya magofu, Bwana Thawin.

Na Bwana Thawin akaja.

Ilikuwa mwezi wa nane, saa saba mchana, mvua kubwa imetoka kunyesha. Nilikuwa nimeleta wanafunzi wangu arobaini wa darasa la sita, wameketi mistari minne kwenye sakafu ya mawe, wakichora minara. Gari jeupe likasimama langoni. Mkurugenzi hakuja kikazi. Alikuwa anamtembeza mama yake, Bibi Lamyai, aliyekuja kutoka Phayao kwa siku tatu tu. Walikuwa wametoka soko la kwenye maji kula tambi za mashuani, wakapita kuwalisha tembo ndizi, na sasa bibi alitaka kile alichokijia: picha moja, na familia yote, mbele ya kichwa cha Wat Sa Bua Daeng. Alikuwa na mke wa mkurugenzi na mabinti wawili wadogo, wakinuka ndizi za tembo.

Tatizo lilikuwa mavazi. Mchana huo kulikuwa na sherehe ofisi ya mkoa, na Bwana Thawin alikuwa tayari amevaa sare nyeupe ya watumishi wa serikali: nyeupe juu, nyeupe chini, vifungo vya dhahabu, medali kifuani. Na ardhi mbele ya kile kichwa ilikuwa tope jekundu la vumbi la matofali. Mikeka yote miwili ilikuwa imelowa chapachapa, imeanikwa ukutani ikidondosha maji.

Wirat alimvuta Shangazi Niang kando. Walikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa.

"Dada, leo geuka uangalie mti. Dakika moja tu."

"Mti nimeuona miaka mingi."

"Basi funga jicho moja."

"Nikifunga moja, la pili litaona peke yake."

"Orodha iko mezani kwake, we mwanamke! Mezani kwake!"

Shangazi Niang alimwacha hapo. Alikwenda mbele ya mkurugenzi, akaunganisha viganja, akaketi kwenye tope, akapapasa ardhi.

Bwana Thawin alidhani ni heshima za kumpokea. "Asante, Shangazi, inuka tu. Sisi tutasimama nyuma ya mama, haraka haraka, tunaondoka."

"Tunakaa, Mheshimiwa."

"Naona unakaa. Mimi nina sherehe saa nane."

"Basi piga picha kutoka kule mbali, kwenye kamba ya kuzuia wageni, Mheshimiwa. Kule kusimama ruhusa."

"Mama anataka karibu."

"Karibu ni kukaa."

Uso wake ukabadilika. "Unanijua mimi?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Picha yako iko ukutani ofisini kwetu."

"Na bado?"

Akanyoosha kiganja chote, kikiwa wazi, kuelekea kile kichwa cha jiwe. "Na huyu namjua pia."

Wanafunzi wangu walikuwa wameacha kuchora. Nilikuwa na uwezo wa kuwaambia wageuke nyuma waangalie mnara. Sikuwaambia. Nilikuwa nimewafundisha sheria ile ile wiki nzima, na nilitaka waone kama inawahusu wakubwa. Leo najua kwamba macho yale ya watoto arobaini yalimwongezea mkurugenzi fedheha, na kwamba nilikuwa na sehemu yangu katika yaliyofuata.

Shangazi Niang alikimbia kibandani akarudi na vitambaa vya kujifunga, vikavu, vimekunjwa. Akatandika kimoja kwa Bibi Lamyai, kimoja kwa mke, viwili kwa mabinti. Cha tano akamnyooshea mkurugenzi.

Wirat alikohoa kwa nguvu. Mabinti wa darasa langu wakaziba midomo. Vile vitambaa vilikuwa vya kike, vimezunguka viuno vya wanawake elfu. Hakuna mwanamume wa kwetu anayeheshimu medali zake atakayekalia nguo ya kike, kwa kuwa kila tulichofunzwa utotoni kinasema nguvu zake zitamtoka. Shangazi Niang alikuwa na nia njema kabisa, lakini kwa haraka yake alikuwa amemwongezea chumvi kwenye kidonda.

"Nguo ya kike!" mkurugenzi akasema, akirudi nyuma.

"Ni kavu, Mheshimiwa," Shangazi akasema, sauti imepungua kwa mara ya kwanza.

Hapo Bibi Lamyai, ambaye hakuwa ameuliza lolote, akamshika mjukuu bega akaanza kujishusha. Alishuka taratibu, goti hili, kisha lile, akakunja miguu upande mmoja kama msichana, akaunganisha viganja mbele ya kichwa cha jiwe. Alipomaliza dua yake, bila kugeuka, akasema:

"Thawin. Kaa."

"Mama, sare."

"Tope linafuliwa."

"Mama, watu wanatazama."

"Waache. Nilikuzaa ukingoni mwa shamba la mpunga na mvua inanyesha. Siku ile hukuulizia sare."

Darasa langu lilicheka. Nililikaripia, lakini nilikuwa nimechelewa. Bwana Thawin alisimama kidogo, shingo nyekundu kama tope lenyewe. Kisha akakaa, juu ya ardhi tupu, na sote tukaisikia ile sauti ya tope.

Shangazi Niang alichukua simu ya mke wa mkurugenzi, akaketi tena kwenye tope, maana hata mpiga picha hapaswi kuwa juu, akapiga picha tatu. Bibi alitabasamu katika zote. Alipoinuliwa alimshika Shangazi mikono yote miwili akamwambia, "Mwanangu, wewe umelelewa." Mkurugenzi alikuwa ameshatangulia garini. Kutoka nyuma, suruali ile nyeupe ilikuwa na duara jekundu la ukubwa wa sinia, na hakukuwa na muda wa kurudi nyumbani kubadilisha. Aliingia kwenye sherehe ya mkoa hivyo hivyo. Mji mdogo hauna siri. Jioni ile ile wauza kuku wa kuchoma walikuwa wanaisimulia.

Sitasema kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa, na wengi wa cheo chake wasingekaa. Lakini kukaa ni jambo moja, na kumsamehe aliyekufanya ukae ni jingine.

Orodha ilitoka mwezi wa kumi. Majina yalikuwa matatu. La Wirat lilikuwepo, la Samniang halikuwepo. Ni yeye Shangazi aliyetumwa kuibandika kwenye ubao, na aliibandika sawasawa, pembe zote nne.

Wirat alimfuata kibandani karibu alie. "Dada, niandike barua ya malalamiko?"

"Utalalamikia nini? Kwamba umepata?"

"Kwamba wewe hukupata!"

"Kaa unywe kahawa. Na usisimame mbele yangu, unanizibia mgeni."

Nilimuuliza mimi pia, siku nyingine, kama anajuta. Aliniambia kwamba alilia usiku mmoja, kwamba alihesabu miaka iliyobaki, na kwamba asubuhi alikuja kazini mapema kwa sababu kulikuwa na mabasi mawili ya shule kutoka Lopburi. Sikuuliza tena. Ninachojua ni kwamba mji wetu ulimbadilikia. Wenye maduka walimsalimu kwa viganja vilivyoinuliwa hadi paji la uso, salamu tunayowapa watawa. Wanafunzi wangu wa mwaka ule, sasa watu wazima wenye ndevu, wakifika pale na wachumba wao hukaa kabla ya kuambiwa. Ninajivunia kwamba nimeishi ng'ambo ya barabara na mtu wa namna hiyo, na sijui kama ningeweza kufanya alichofanya.

Alistaafu mwaka jana alipotimiza miaka sitini. Hakupewa pensheni. Sasa anauza uji wa wali sokoni kuanzia alfajiri, siku saba kwa wiki, na hana siku ya kupumzika.