Kimo cha Jiko

Siku yangu ya kwanza kazini nilipimwa kiuno. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Nilifika ofisi ya maendeleo ya jamii pale Kigoma mjini nimevaa sketi niliyoishona mwenyewe, cheti mkononi, moyo unanidunda kwa furaha. Afisa Maendeleo wa Wilaya, mtu mfupi aliyependa rula kuliko chai, akanisimamisha ukutani. Akaiweka rula yake ndefu ya mbao wima sakafuni, akaitia alama ya wino mwekundu usawa wa kiuno changu.

"Hapa," akasema. "Hiki ndicho kimo cha jiko bora. Mama wa kisasa hapiki ameinama. Umeelewa, Bibi Maendeleo?"

"Nimeelewa, mzee."

Bibi Maendeleo! Hilo ndilo lilikuwa jina letu, wanawake tuliotumwa vijijini kufundisha mapishi, ushonaji, ufumaji na utunzaji wa nyumba. Nilitoka pale na sanduku la sindano za kufumia, nyuzi za kudarizi, kitabu chenye picha ya jiko la udongo, na ile rula. Nilitembea hadi nyumbani Buzebazeba nimeibeba begani, nikitamani kila mtu aniulize ni ya nini.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka wa Burundi. Asubuhi kina mama walinisalimu "Mwakeye!" na kunikaribisha dagaa kabla sijatua sanduku. Tulifuma vitambaa vya viti, tukashona mapazia, tukajenga majiko. Jiko la udongo si kazi ya kubahatisha. Unachukua udongo wa kichuguu kwa sababu unashikamana, unaukanda kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa ili usipasuke, kisha unaliacha jiko likauke kivulini siku kadhaa. Kwa kuwa moto umezungukwa na kuta, kuni chache zinatosha. Kwenye mafiga, yale mawe matatu, nusu ya moto huchukuliwa na upepo.

Kila nilipomaliza jiko moja nilisimamisha rula. Likigusa wino mwekundu, napiga makofi peke yangu. Nikamwandikia Afisa kwamba majiko yote ya Kagunga yanatumika. Na kweli yalitumika, kuku walitagia humo. Mimi nilidhani kina mama wanayatunza kwa ajili ya wageni, nikafurahi zaidi. Ujinga wa ujana una raha yake jamani.

Ndipo ikaja ile miaka ya wakimbizi. Boti zilivuka kutoka Kongo zimejaa watu, magodoro na masufuria, wengine wakaja kwa miguu kutoka Burundi. Nilihamishiwa kambini, nikapewa banda moja la miti na maturubai. Wanawake walinijia kwa wingi. Mbele yao alikaa Mama Riziki, mama mnene wa ng'ambo ya ziwa, mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Vita vilimkuta anasonga ugali, akakimbia, na alipopanda boti ndipo alipogundua kuwa ameshika mwiko. Hakuwa na kitu kingine. Mwiko ule alikuja nao darasani kila siku, hata siku za kufuma.

Banda lile lilikuwa na raha, nawaambia! Walidarizi maua kwenye vipande vya shuka, walisuka mikeka, walibishana namna ya kupika sombe, yale majani ya muhogo, mpaka nikacheka machozi. Mama aliyekuja kimya Jumatatu, Ijumaa utamsikia anamtania jirani kwamba pindo lake limepinda. Nyumba zao zilikuwa za turubai, lakini ukiingia utakuta kitambaa cheupe juu ya ndoo, kimenyooshwa vizuri.

Taabu ilikuwa kuni. Walizifuata mbali, na wanakijiji walianza kukasirika misitu yao ikiisha. Mkuu wa Kambi, bwana mrefu asiyependa maneno mengi, alikuja akasimama mlangoni.

"Bibi Maendeleo, sina ghala. Banda hili nalihitaji kuweka magunia. Nipe sababu ya kukuachia."

"Majiko, mzee. Tutapunguza kuni."

"Ijumaa wapike mbele yangu. Jiko likifaa, banda lenu. Lisipofaa, nyuzi zenu mtatafuta pa kuzifumia."

Tulijenga jiko zuri ajabu! Nililipima kwa rula mara tatu, tukalipaka udongo mweupe. Ijumaa Mkuu akaja na wazee wa kijiji, Mama Riziki akabandika sufuria, maji yakachemka, akatia unga wa muhogo na kuanza kusonga.

Sasa ugali wa muhogo si uji. Unavuta, unagoma, unataka bega na mgongo. Mama Riziki amesimama, viwiko viko juu, na kila akiukandamiza mwiko sufuria inazunguka nao. Akaongeza nguvu. Ukingo wa jiko ukameguka, sufuria ikalala ubavu, ugali wote ukaishia chini. Hakuungua mtu, nashukuru, ila uso wangu ulikuwa wa moto kuliko jiko.

"Basi," Mkuu akasema. "Jumatatu magunia yanaingia."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Riziki akafuta mwiko wake taratibu, akanitazama.

"Mama Mwalimu, weye kwako unasongaka bugali wapi?"

Nikainama kuokota vipande vya jiko.

"Sema tu, Mama."

"Chini," nikasema.

"Umesimama?"

"Nimekaa. Kwenye kigoda. Sufuria naibana kwa miguu."

"Sasa sisi ulitutaka tupande ku kiti?"

Banda zima likalipuka kwa kicheko. Na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa nimeona aibu hasa. Miaka yote ile nilifundisha jiko la kusimama, na jioni narudi kwangu nakaa chini kama mama yangu, wala halikunijia hata mara moja kwamba haya mambo mawili yanagombana! Ndipo nikawakumbuka kuku wa Kagunga.

Hata Mkuu wa Kambi alikuwa ameuma mdomo asicheke. "Mama yangu naye hukaa," akasema. "Nimewapa mpaka Jumatatu hiyohiyo. Mchana."

Hatukulala na wazo hilo, tulianza palepale. Mama Riziki alikaa kwenye kigoda, nasi tukajenga jiko kumzunguka yeye. Likafika usawa wa magoti yake. Mlango wa kuni tukauhamishia ubavuni ili makaa yasimuelekee miguuni. Juu tukaweka masikio matatu ya udongo yanayoikaba sufuria, na chini mbele kizingiti kinene cha kukanyagia, maana mwenye kusonga hutafuta pa kukaza mguu. Jiko halikuwa na muda wa kukauka kivulini, kwa hiyo tulilikausha kwa moto mdogo mdogo wa mabua, kwa zamu, tukiomba lisipasuke.

Jumatatu Mama Riziki alikaa, akakanyaga, akasonga. Sufuria haikutikisika! Ugali ukaiva, samaki wa mgebuka wakaiva kwenye mawese na harufu yao ikaita watu kutoka nyumba za mbali, na mzigo wa kuni ukabaki nusu. Mkuu akaomba kigoda, akakaa, akashika mwiko mwenyewe. Akasonga kidogo, akala sana.

"Magunia nitayatafutia pengine," akasema.

Mayowe yaliyopigwa siku ile sijayasikia tena hata harusini.

Nilimwandikia Afisa Maendeleo wa Wilaya ukweli wote, kuku wakiwemo. Akaja na uso wa mvua, akapima jiko, akapima tena. Kisha akala. Alipomaliza alisema, "Andika kimo hiki pembeni ya kitabu." Akafikiri. "Kwa penseli."

Niliandika kwa wino.

Mama Riziki alirudi kwao amani ilipopatikana, na mwiko wake. Mimi nimestaafu, nipo Buzebazeba, nafuma vitambaa na kuwapikia wajukuu. Rula ofisini waliniachia. Nakiri kazi yangu niliipenda kila siku, hata siku niliyoiharibu, na ninyi mnaoanza nawaonea wivu.

Majuzi amenijia binti wa mtaa wa Rusimbi, ameajiriwa juzi tu kwenye ofisi yangu ya zamani, ana simu yenye picha za majiko na futi mpya ya kukunja. Viatu vyake vinang'aa. Nilimpenda palepale.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua. Jiko bora lina kimo gani?"

Alishasimama wima ukutani, futi tayari mkononi.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia, nikamsogezea kigoda na mwiko. "Kaa kwanza, usonge. Nitakupima ukiwa umekaa."