Siku Tuliyomteka Askofu

Watu wengi mtaani kwangu wanaamini kwamba mimi ni mkali. Si kweli. Nina mdomo tu, na mdomo huo nimeurithi kwa mama yangu, Mzigua wa Handeni, aliyekuwa na uwezo wa kumtukana mgeni mlangoni huku akimwekea maji ya kuoga. Ilimradi mgeni mwenyewe awe Mnyamwezi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, kukunyang'anya kofia, hata kukucheka ukiwa msibani. Kilichokatazwa ni kukasirika. Nilikua nikidhani dunia nzima inaishi hivyo, mpaka nilipohamia Afrika Kusini nikakuta watu wanatukanana kwa dhati.

Askofu nilimfahamu kwa sababu ya duka. Nina spaza Soweto, kiduka cha mkate, sukari na sabuni, na mwaka mmoja wa vurugu dhidi ya wageni kilivunjwa mchana kweupe, rafu zikabaki tupu. Walioiba sikuwajua wote. Niliyemjua ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, bibi wa Kizulu ambaye mtaa mzima humwita gogo, yaani bibi. Yeye hakuchukua kitu. Alisimama kwenye geti lake akaangalia, mwanzo hadi mwisho, asiseme neno. Hilo liliniuma kuliko sukari.

Ndipo akaja huyo askofu. Alikuwa Msotho mrefu, Mkatoliki, na begani alivaa blanketi la kwao hata jua likiwaka. Mimi ni Mwislamu, gogo ni wa kanisa la wavaa mavazi meupe na wapiga ngoma. Hakuna kati yetu aliyekuwa na shida na askofu. Alikuja kwa miguu, bila polisi wala watu wa televisheni. Akaomba benchi, akaliweka katikati ya barabara baina ya mageti yetu, akatuuliza swali moja tu: kwenu, watu wakigombana, hupatanishwa vipi?

Gogo akasema kwao wagomvi hunawa mikono pamoja katika beseni moja lenye maji na majivu. Mchungaji wa Kikongo anayekodi chumba nyuma ya duka langu, mtu wa Uvira, akasema kwao huketishwa wale sahani moja. Askofu akanigeukia mimi.

"Kwetu," nikasema, na nilikuwa nimefura, "huyu bibi angefanywa mtani wangu. Nimtukane mpaka nichoke, na asiwe na ruhusa ya kununa."

Nilikusudia kuumiza. Askofu alicheka hadi blanketi likaanguka. Kisha akaliokota, akavuta benchi karibu na akaniomba nimweleze huo utani tangu mwanzo, tena polepole, kwa sababu Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kuokoteza.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote. Wengine walileta semina. Yeye aliamini kwamba kila kabila lina njia yake ya kumaliza ugomvi, iliyolala kwa mabibi na mababu, na kazi yake ni kuiulizia tu. Kwa hiyo mimi na gogo tulinawa majivu. Sitadanganya kwamba nilimsamehe pale kwenye beseni. Lakini askofu alitangaza, kwa sauti ile anayosomea misa, kwamba kuanzia siku hiyo pande mbili za barabara yetu ni watani, na gogo akanogewa haraka sana. Akija kununua mkate ananiambia, "Wewe mgeni, mkate wako mgumu kama roho yako." Nami namjibu, "Ugumu umeujuaje, na meno huna?" Ikafika asubuhi moja hajaja, nikajikuta nimesimama mlangoni namtazamia. Nikajua basi, nimeshamsamehe.

Askofu akaanza kunichukua kila alikokwenda, kwa mafundi cherehani wa Kikongo na wenyeji waliogombania nafasi sokoni Newtown, na hata kwenye mabweni ya wafanyakazi ambako mimi peke yangu nisingethubutu kukanyaga. Nilikuwa mkalimani na mchekeshaji. Yeye mwenyewe alijifanya mtani wangu rasmi. Mimi nilimsema kwa blanketi lake na farasi wa kwao. Yeye alisema watu wa Handeni tunaroga hata chai, na kila nikimpa kikombe alikinusa kwanza. Sikuwahi kuwa na kaka. Nadhani ndivyo kaka anavyokuwa.

Kisha umri ukafika. Askofu wa Kikatoliki akifika miaka sabini na mitano huandika kwa Papa kuomba kupumzika, na sisi tulilijua hilo, ila tulijifanya hatujui. Habari zilipokuja kwamba ameruhusiwa, na kwamba anahamia kwenye nyumba ya mapadri wazee huko Free State karibu na milima ya Lesotho, barabara yetu ikaingia msiba. Gogo hakuja dukani. Mchungaji alihubiri Jumapili hiyo akakatikia katikati. Mimi nikapandisha hasira, kwa sababu ndicho ninachojua kupandisha, nikaenda mtaa wa Fordsburg kwa shehe wetu.

Shehe ni mzee wa Kizanzibari ambaye ameshaketi na askofu kwenye vikao vingi vya kupatanisha kuliko wanavyokumbuka wenyewe. Alinisikiliza, akakohoa, akasema juu ya madrasa kuna vyumba viwili havina mtu.

"Askofu akae juu ya madrasa?" mchungaji akauliza, maana nilikwenda naye. "Shehe, watu watasema nini?"

"Watasema ana majirani wazuri," shehe akajibu. "Na watoto wakisoma kwa sauti, atajifunza Kiarabu bure."

Tukakubaliana tusimwambie. Tungemteka. Katika utani hilo linaruhusiwa: kwenye harusi au msiba, watani wanaweza kumzuia mtu au kitu chake, na hakiachiwi mpaka itolewe fidia, iwe kuku, iwe wimbo, chochote wao watakachoridhika nacho. Fidia yetu ilikuwa moja tu, naye ndiye angeitoa: akubali kubaki.

Zile wiki za maandalizi zilikuwa tamu. Mchungaji alipaka rangi kuta, nyeupe, huku akiimba kwa Kifaransa. Gogo alishona mapazia kwa kitambaa alichokuwa amejiwekea mwenyewe, na aliposhuka kwenye teksi Fordsburg akawa anasalimiana na wanaume wa msikitini utadhani amezaliwa pale. Mimi nilinunua kitanda. Shehe alizunguka chumba na nyundo mkononi, akauliza kama Wakatoliki wana kibla. Mchungaji akasema hapana, wao popote.

"Popote si jibu," shehe akasema. "Mtu akiamka anataka kuuona msalaba wake au hataki?"

Tukamlaza mchungaji kitandani tuone macho yake yanaangukia wapi, na hapo shehe akapigilia msumari kwa mkono wake. Akaujaribu kwa kuuvuta, akarudia kuugonga. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta kitu.

Siku ya kumuaga ilikuwa Jumamosi. Misa ilikuwa nzuri, lakini baadaye ukumbini zikaja hotuba, na kila aliyesimama alimsifu kama anasoma wasifu wa marehemu. Nilimwona akizidi kuinama kwenye kiti. Gari la kumpeleka Free State lilikuwa tayari nje, mizigo ndani, padri kijana ameshika funguo. Walipoanza kutoka naye nikavua viatu, nikapanda juu ya boneti na kanga zangu, nikakaa.

"Hatoki mtu hapa!" nikapiga kelele. "Msotho ametekwa!"

Gogo akamvua kofia akaificha kifuani. Mchungaji akafungua mikono mbele ya mlango wa gari. Waumini wakadhani ni maandamano. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshatoa simu aite walinzi. Askofu alitutazama mmoja mmoja, na uso ule uliokuwa umeinama tangu asubuhi ukafunguka.

"Eish!" akasema, kisha akaendelea kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. "Wachawi wa Handeni wamenipata. Nilijua ile chai ina kitu."

"Nyamaza, mla vumbi la farasi. Ingia kwenye gari letu."

"Na nikikataa?"

"Gogo anauza kofia."

Akaingia, akicheka. Tulikwenda Fordsburg tukipiga honi kila tukisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, na padri kijana na gari lake la mizigo akitufuata nyuma, hajui afanye nini.

Shehe alikuwa uani anasimamia sufuria la pilau. Tulikuwa tumepanga nipande mimi na askofu peke yetu, kwa kuwa mtani ndiye mwenye kutaja fidia. Zile ngazi nilikuwa nimezipanda mara nyingi nikiwa na godoro na ndoo, sikuona kama ni ndefu. Siku hiyo niliziona. Alisimama katikati, akashika ukuta, akasubiri pumzi irudi, kisha akatania kwamba Waislamu wanaishi karibu sana na mbingu.

Nikafungua mlango. Akayatazama mapazia. Akapapasa ukuta. Akaketi kitandani, na macho yake yakaangukia pale pale tulipotaka, kwenye msumari mtupu unaosubiri.

"Nani amegonga?" akauliza.

"Shehe. Ni kwako hapa, Msotho. Ukikubali kubaki, umejikomboa. Usipokubali, tunakufungia."

Nilisubiri tusi. Hata dogo tu. Akaweka mikono magotini, na nikaanza kuogopa.

"Dada," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nimechoka."

"Utapumzika hapa."

"Hapa watu wakigombana watapanda hizi ngazi. Nitawafungulia. Mimi siwezi kumfungia mtu mlango, unanijua. Kwa hiyo lazima nikae mbali na mlango." Akatafuta maneno. "Nimesikiliza hasira za watu miaka mingi sana. Sasa nikifumba macho bado nazisikia, hata za watu waliokwisha kufa. Nina dada yangu kule mlimani. Amezeeka kuliko mimi. Nataka tukae kwenye jua moja, tusiseme kitu."

Basi nikafanya lile lililokatazwa. Nilikasirika. Nilimwambia hatuwezi. Nilimwambia barabara yetu itarudi kuvunjwa, kwamba ametufundisha kumtegemea kisha anatuacha, kwamba huyo askofu mpya hata jina la mtaa wetu halijui. Nilisema mengi. Yeye alinisikiliza, kama alivyowasikiliza wote.

"Na sisi je?" nikamaliza.

"Ninyi?" Akatabasamu kidogo. "Ninyi mnajua kutukanana. Mnanitakia nini tena?"

Niliona tu jinsi vifundo vya mikono yake vilivyovimba, na kwamba blanketi ambalo nimelicheka miaka yote lilikuwa limemzidi ukubwa. Sisi tulikuwa tumepaka rangi, tumeshona, tumegonga msumari, na kwa mapenzi yote yale hakuna aliyemuuliza mwenyewe anataka nini.

Nikashuka. Wote walikuwa uani wanatazama ngazi, shehe na upawa wake, mchungaji, gogo amekumbatia kofia.

"Anabaki?" mchungaji akauliza. "Iko muzuri, mama? Amekubali?"

"Ameshatoa fidia," nikasema. "Mwacheni aende."

"Fidia gani?"

"Nimesema ameshatoa!" nikafoka, na hapo machozi yakanitoka mbele za watu.

Shehe alinitazama, akatazama juu dirishani kwenye mapazia ya gogo. Alifunika sufuria, akafuta mikono, akasema basi ale kwanza, Free State ni mbali.

Alikula vizuri. Alimshukuru shehe kwa msumari, wakashikana mikono muda mrefu wasiachiane. Gogo alimvika kofia yeye mwenyewe, akamnyoosha kola, akamwambia kwa Kizulu asikae kwenye upepo. Padri kijana akawasha gari. Askofu akashusha kioo upande wangu, akatoa uso nje, akasubiri. Nilijua anasubiri nini. Miaka yote ile hatukuwahi kuagana bila tusi, na mimi ndiye niliyekuwa na zamu.

Nikafungua mdomo. Nilitafuta farasi, nilitafuta blanketi, nilitafuta uzee wake, sikupata hata moja la kushika.

"Nenda salama, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, macho yamemlowa.

"Mzigua," akasema, "hilo ndilo neno baya kuliko yote uliyowahi kuniambia."