Kugonga Paja

Nilipogonga paja lake, alikaza miguu badala ya kuachia. Nikagonga tena. Akakaza tena, macho ameyafumba, midomo ikinong'ona Kisukuma, mpaka mwalimu alipokuja kumshika vifundo na kumfungua kama anayefungua mzigo uliofungwa vibaya.

Tulikuwa Masumbwe, kwenye ghala lililokuwa la pamba. Tulijifunza jiu-jitsu baada ya kazi, juu ya turubai lililoshonwa na kujazwa pumba za mpunga. Mchezo huu hauna ngumi. Mnashikana, mnaviringishana chini, na aliyezidiwa humgonga mwenzake kwa kiganja. Ukigongewa, unaachia. Hakuna sheria iliyo juu ya hiyo.

Yeye alikuwa mchimbaji kutoka Rwamgasa, mtu mpole, aliyewaamkia shikamoo hata watu wa rika lake. Ujuzi wake ulikuwa mmoja: gadi ya kufunga. Analala chali, anakuzungushia miguu kiunoni, visigino vinafungana mgongoni mwako, na hapo ndipo unapobaki. Kuipita gadi hiyo ni kuifungua miguu na kutoka kwenda ubavuni kwake. Hakuna aliyewahi.

"Mwandishi kamezwa na chatu!" wenzangu walinicheka, maana mimi ni mwandishi wa habari. "Mvuteni mkia, bado unaonekana!"

Mwalimu hakucheka. Alimwambia mbele yetu sote, "Kaka, utamvunja mtu mbavu hapa. Jumamosi ndiyo nafasi yako ya mwisho. Ukigongewa usipoachia, usirudi."

Baadaye nilimkuta mchimbaji nje akinawa miguu.

"Nikifanya mazoezi ndipo ninapolala," aliniambia. "Siku nisiyokuja hapa silali kabisa. Akinifukuza, nitalalaje?"

Nikamuuliza kwa nini basi anakaza. Akanieleza habari za duara, shimo la dhahabu walilokuwa wakichimba yeye na mdogo wake. Matimba ya kushikilia kuta yalivunjika, kifusi kikashuka, yeye akaanguka chali na mdogo wake juu yake. Udongo ulikuwa ukimvuta mdogo wake kwenda chini zaidi, akamfunga kiunoni kwa miguu ili asimpoteze. Taa zikazimika. Gizani humo, kiganja kikagonga paja lake. Kule chini, anayegonga anasema yu hai.

"Sasa ningeachiaje? Aligonga, nikakaza. Aligonga, nikakaza. Mpaka walipotufikia. Wao wakasema amekufa."

Kazi yangu ni kuuliza. Wiki hiyo nilikuwa Rwamgasa, nikamtafuta mmoja wa waliowafukua, mzee ambaye sasa anaendesha karasha la kusagia mawe. Alizima mashine tupate kusikilizana. Alisema jiwe lilimpiga yule kijana kichwani mwanzoni kabisa. Walipomfikia alikuwa ameshakauka.

"Na mikono yake, mzee?"

"Yote miwili ilikuwa chini ya timba. Tulilikata kwanza ndipo tukaitoa."

Nikamwambia kwamba kaka mtu alimsikia akigonga. Mzee akawasha karasha.

Sikumpelekea mchimbaji habari hiyo. Jumamosi niliingia katikati ya miguu yake nikiwa nimeamua jambo moja: sitagonga. Nikipita bila kugonga, mwalimu hatakuwa na kosa la kumfukuzia.

Nilinyoosha mgongo. Mkono mmoja nikashika ukosi wa koti lake la mazoezi, mwingine nikakamata pindo la mkono wa koti hilo. Nikasimamisha mguu mmoja, kisha wa pili, nikainuka naye akining'inia kiunoni kwangu. Akakaza. Mbavu zikaanza kuuma, pumzi ikawa fupi. Yeye akafumba macho, akaanza kunong'ona.

Kisha miguu ikafunguka. Nguvu zangu hazikuhusika. Ilifunguka polepole, kama mtu anayeweka chini kitu asichotaka kivunjike. Nikaangukia upande, nikamlalia ubavuni. Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni.

"Umegonga," alisema. "Umegonga, na nimeachia. Umeona?"

"Safi sana, kaka," alisema mwalimu, aliyekuwa amechuchumaa karibu yetu. "Nimesikia mwenyewe. Jumatatu uje."

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma. Lakini hakuwa akimtazama mwalimu, wala mimi.

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe mwandishi, siku nyingine usiwe na haraka ya kugonga. Ulikuwa umekaribia kupita."

Nilitazama mikono yangu. Mmoja ulikuwa bado kwenye ukosi, wa pili kwenye pindo la mkono wa koti, na vidole vilikuwa vimekakamaa kiasi kwamba nilishindwa kuvikunjua.